Kifuniko cha kisanduku cha vito hakifungi tena tangu kusi ianze: kosa ni la vinia, la gundi au la bawaba?

#1 MwalimuKisauni
Assalaam aleikum, wanajukwaa. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, na useremala nimeushika baada ya kustaafu, kwa hiyo mnivumilie nikiita kitu jina lisilo lake.

Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, nilimtengenezea binti yangu kisanduku cha vito kwa ajili ya harusi yake. Urefu wake ni sentimita 26, upana 18 na kimo 10. Kuta nne ni za mvule wa milimita 12, pembe nimezikata kwa nyuzi 45 na kuzikaza kwa vipande vyembamba vya mpingo nilivyovipenyeza katika mipasuo ya msumeno. Kifuniko ni plaiwudi ya milimita 9 iliyozungushiwa ukingo wa mvule wenye upana wa sentimita 3, na juu yake nikabandika vinia ya msaji, yaani ganda jembamba la mti lisilofika milimita moja, nikaipambia kwa ufito wa mpingo uliotiwa njumu pande zote. Nyuma nilifunga bawaba mbili za shaba ya manjano, na ndani nikatandika mahameli nyekundu. Siku ya kukikabidhi, kifuniko kilikuwa kikishuka polepole kwa sababu hewa ya ndani ilikosa pa kutokea, na nakiri kwamba nilikifungua na kukifunga mbele ya wageni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa ni Juni. Kifuniko kimeinuka mbele kwa milimita 4, ukikigandamiza kinashuka na ukikiachia kinarudi juu. Tena vinia imebanduka kwenye pembe ya mbele kulia, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mimi nina hakika kwamba chanzo ni kimoja, nacho ni unyevu wa kusi. Mke wangu anasema chanzo ni kimoja, nacho ni mimi. Naomba hukumu.

#2 FundiWaMtwapa
Waaleikum salaam, Mwalimu. Umesema juu ya kifuniko kuna vinia, na chini yake kuna mahameli. Hapo ndipo penye ugonjwa. Vinia ikishabandikwa huendelea kunywea na kupanuka kadiri hewa inavyobadilika, na kila inaponywea inauvuta ubao upande wake, kama ngozi inavyouvuta mzingo wa ngoma. Ikiwa upande wa pili hauna vinia nyingine ya kuvuta kinyume chake, ubao hupinda. Plaiwudi ya milimita 9 ni nyembamba, haiwezi kushindana. Mahameli ni kitambaa, haina nguvu ya kuvuta chochote. Ungebandika vinia pande zote mbili, hata ile ya chini ikiwa ya mti wa bei rahisi usioonekana, usingekuwa na uzi huu.

#3 RandaNaPatasi
Kabla hatujamhukumu, naomba ajibu maswali mawili. Je, alitumia gundi gani? Na alipaka nini juu ya vinia baada ya kupiga msasa?

#4 MwalimuKisauni
Gundi ni ile ya manjano ya kopo, wanayotumia washona viatu: unapaka pande zote mbili, unangoja ikauke kidogo, kisha unakutanisha. Sikuwa na jiriwa za kutosha kukibana kifuniko kizima kwa usiku mmoja, na gundi hiyo haihitaji jiriwa. Juu nilipuliza vanishi iliyochanganywa na thina, koti nne.

#5 RandaNaPatasi
Shukrani, Mwalimu, umejishtaki mwenyewe. Gundi ya viatu haikauki ikawa ngumu, bali hubaki laini kama mpira, na ndiyo sababu wenye viatu wanaipenda, kwa kuwa soli inapaswa kukunjika. Vinia haitakiwi kukunjika. Mbao zikisogea, gundi hiyo inakubali kusogea nazo, na vinia inaanza kujiachia pembeni, mahali ambapo mshiko ni mdogo kabisa. Baya zaidi ni hizo koti nne za vanishi yenye thina. Vinia hiyo ina matundu madogo ya asili ya mti, thina inapenya mpaka kwenye gundi na kuiyeyusha upya, kwa sababu gundi yenyewe ilitengenezwa kwa kuyeyushwa na vimiminika vya jamaa hiyo hiyo. Niliwahi kulipa gharama ya somo hili kwenye meza ya mteja wa Likoni: vinia ilivimba mapovu mbele ya macho yangu kabla sijaosha bomba la kupulizia.

Kama huna jiriwa, weka gundi nyeupe, funika kwa karatasi ya nailoni, laza ubao mnene juu yake, kisha panga matofali. Ndivyo nilivyoanza.

#6 MzeeWaBondeni
Vijana, mnasahau kwamba samani za zamani zilikuwapo kabla ya gundi ya kopo. Marehemu baba yangu alitumia gundi ya moto, inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na aliiweka katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ili isiungue. Uzuri wake ni kwamba kosa linarekebishika: unapitisha pasi na kitambaa chenye unyevu, gundi inalainika, unaipangusa vinia mpaka ikae, na maisha yanaendelea. Kisha aling'arisha kwa sandarusi. Viti vya enzi vya Lamu vyenye njumu za mifupa havikushikwa kwa gundi ya viatu, na vipo mpaka leo.

#7 Bahari_Hindi
Mzee wangu, kwa heshima zote, sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi wa pwani yetu hii, uliosafirishwa kwa wingi katika karne ya 19 kwenda kutengenezewa vanishi ng'ambo. Ile ya vigamba vya rangi ya asali, ambayo mafundi huyeyusha kwa spiriti na kupaka kwa kitambaa, hutokana na wadudu wa Bara Hindi. Nadhani marehemu alitumia ya pili, ingawa wengi waliita zote kwa jina moja. Na kuhusu gundi ya moto, hiyo hiyo sifa ya kulainika kwa maji na joto ndiyo aibu yake katika mji wenye unyevu kama wetu.

#8 MzeeWaBondeni
Huenda. Nilikuwa mtoto, na kazi yangu ilikuwa kukoroga. Lakini kabati lake halijabanduka.

#9 BintiMvita
Samahani kuingilia mazungumzo ya wanaume wenye msasa. Kwanza, kitu hicho kina jina lake, nalo ni bweta, neno tulilolipata kwa Wareno pamoja na meza na leso. Nyanya yangu alikuwa na bweta la mikufu na kijaluba cha tambuu, na ole wako ukichanganya viwili hivyo.

Pili, mnajadili gundi na hakuna aliyeuliza bweta linakaa wapi. Mwalimu, bibi harusi ameliweka wapi? Mimi nimeona mabweta mawili yakiharibika katika familia yetu, na yote mawili yalikuwa juu ya meza ya kujipambia, karibu na chetezo. Mtu anafukiza udi kila Alhamisi jioni, makaa yakiwa shubiri moja kutoka kwenye kifuniko, kisha analaumu fundi.

#10 MwalimuKisauni
Dada BintiMvita, swali lako limenifanya nipige simu. Anaishi Nyali, chumba kina kiyoyozi kinachowashwa usiku kucha, na asubuhi anafungua dirisha linalotazama bahari. Chetezo anacho, lakini anasema hukiweka sakafuni. Kuhusu jina, nakubali: bweta.

#11 KaskaziKusi
Sasa tumefika penyewe. Mti haujali baridi wala joto kama unavyojali unyevu wa hewa. Hewa yetu ya kawaida hapa Mombasa ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na mbao iliyotulia katika hewa hiyo huwa na maji ya asilimia 15 hivi. Katika chumba cha kiyoyozi inashuka kuelekea 10 hadi 12. Maana yake ni kwamba bweta hilo linavuta pumzi kila usiku na kuitoa kila asubuhi. Ubao wa upana wa sentimita 18 unaweza kupanuka au kunywea kwa milimita moja na zaidi baina ya hali hizo mbili zikidumu. Hapo hakuna gundi wala bawaba itakayovumilia. Tena si suala la kusi: hata kaskazi ingevuma mwaka mzima, kiyoyozi kingeleta matokeo yale yale.

#12 FundiWaMtwapa
Ndugu KaskaziKusi, hesabu yako ni sahihi kwa ubao mzima, lakini Mwalimu alisema wazi katika #1 kwamba kifuniko ni plaiwudi. Plaiwudi imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikipishana, kwa hiyo tabaka moja linazuia jirani yake asipanuke. Hiyo milimita moja haipo.

#13 KaskaziKusi
Nimesahihishwa, na ninakubali kuhusu plaiwudi. Hata hivyo soma tena #1: plaiwudi imezungushiwa ukingo wa mvule wa sentimita 3. Mvule ni ubao mzima, nao unapanuka kwa upana. Plaiwudi imetulia, mvule unacheza, na vinia moja imepita juu ya vyote viwili kama daraja. Naomba Mwalimu apime: je, mpasuko wa vinia umeanzia pembeni kabisa, au sentimita 3 kutoka ukingoni?

#14 MwalimuKisauni
Nimemwomba atume picha. Mbanduko umeanzia pembeni na umeishia pale pale kwenye sentimita 3, chini ya ufito wa mpingo. Sijui kama jibu hili linamfurahisha nani.

#15 KaskaziKusi
Linanifurahisha mimi.

#16 RandaNaPatasi
Na mimi pia, maana pembeni ndiko gundi ya viatu inakoanza kuachia.

#17 MchongajiChangamwe
Nimefuata uzi kimya kimya tangu jana. Sisi wachongaji hatushughuliki sana na vinia, lakini msaji na mpingo tunavijua. Msaji una mafuta yake ya asili, na mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, gundi haipati mahali pa kuingia. Miti ya aina hiyo hupanguswa kwa kitambaa chenye thina au asetoni muda mfupi kabla ya kubandikwa, la sivyo gundi inashika mafuta badala ya kushika mti. Mwalimu hakutaja kupangusa. Nashangaa kwamba mbanduko umeishia chini ya mpingo, na hakuna aliyeutilia shaka mpingo wenyewe.

Jambo la pili ni bawaba. Mnazungumzia vinia na kifuniko kama ugonjwa mmoja, ilhali kifuniko kinachoinuka mbele na kurudi juu ukikiachia ni dalili ya bawaba iliyobanwa. Mwalimu, shika sumaku, iguse bawaba, kisha iguse parafujo moja moja. Shaba ya kweli haishiki sumaku. Madukani kuna bawaba nyingi za chuma zilizopakwa rangi ya shaba, na kwa upepo huu wa chumvi hazimalizi mwaka.

#18 MwalimuKisauni
Nilikwenda Nyali mwenyewe leo, nikiwa na sumaku ya mlango wa friji. Bawaba hazishiki. Parafujo zote nane zinashika.

#19 MchongajiChangamwe
Basi uliuziwa bawaba za shaba pamoja na parafujo za chuma zilizopakwa. Chuma kikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, tena kwa haraka kuliko kingekuwa peke yake. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo vichwa vya parafujo vinavimba ndani ya vishimo vyake, vinatokeza, na mabawa mawili ya bawaba hayakutani tena. Je, uliona wekundu?

#20 MwalimuKisauni
Niliona, ila kidogo sana, kama vumbi la pilipili. Kusema kweli, sielewi kutu ndogo hivyo inawezaje kuinua kifuniko kwa milimita 4.

#21 BintiMvita
Mwalimu wa hesabu anatuuliza sisi! Chukua chaki.

#22 MwalimuKisauni
Nimechukua chaki, na nimeaibika. Kutoka katikati ya pini ya bawaba mpaka katikati ya tundu la parafujo ni milimita 8. Kutoka pini mpaka ukingo wa mbele wa kifuniko ni milimita 180. Uwiano ni 22.5. Nikigawanya milimita 4 kwa 22.5 napata takriban 0.18. Yaani kitu chenye unene wa karatasi mbili za daftari, kikiingia kati ya mabawa ya bawaba, kinatosha kuinua mbele kwa kiasi ninachokiona. Sikuwahi kulifikiria bweta kama mizani.

#23 MchongajiChangamwe
Kutu imeshinda kesi.

#24 RandaNaPatasi
Polepole. Hesabu ya #22 haikutaja kutu, imetaja karatasi mbili. Koti nne za vanishi zikiwa zimepulizwa bila kufungua bawaba zinatoa unene huo huo. Mwalimu, ulipuliza bawaba zikiwa zimefungwa?

#25 FundiWaMtwapa
Au mahameli. Naweka dau kwamba mahameli imekunjwa mpaka juu ya ukuta wa nyuma. Kitambaa hicho kikinywa unyevu, manyoya yake yanasimama.

#26 KaskaziKusi
Au mvule. Kishimo cha bawaba kimekatwa kwenye mvule uliokauka kwa kaskazi, na sasa mvule umevimba huku kina cha kishimo kikibaki cha Januari. Sehemu mbili za kumi za milimita ni chakula cha mchana kwa mvule.

#27 MwalimuKisauni
Kwa #24: vanishi nilipuliza kabla ya kufunga bawaba, isipokuwa koti ya nne, ambayo niliipuliza baada ya kuona alama za vidole. Kwa #25: ndiyo, imekunjwa. Naona kila mmoja wenu ana karatasi zake mbili.

#28 SeremalaMpya_Likoni
Habari za jioni. Naomba kujifunza: kwa nini wauzaji watie parafujo za chuma ikiwa zina madhara hayo? Na je, nikitaka kufunga za shaba tupu, kuna mbinu? Zangu mbili zilikatika vichwa wiki iliyopita, na moja imebaki ndani ya mti mpaka sasa.

#29 MchongajiChangamwe
Karibu, mwanangu. Umejijibu mwenyewe: wanatia za chuma kwa sababu za shaba zinakatika, na kwa sababu ni rahisi. Shaba ni laini. Toboa kwanza tundu jembamba kidogo kuliko parafujo yenyewe, kisha ingiza parafujo ya chuma ya ukubwa ule ule ili ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba kwa mkono, bila mashine. Usiikaze kwa hasira. Kishimo cha bawa kikate kwa patasi kali, kwa kina cha unene wa bawa tu. Ukizidisha kina, utapata kifuniko cha Mwalimu siku ya kwanza, bila kungoja kusi.

#30 SeremalaMpya_Likoni
Ahsante sana. Fundi aliyenifundisha alipaka sabuni ya mche kwenye parafujo ili ziteleze.

#31 Bahari_Hindi
Sabuni inateleza, lakini pia inavuta unyevu na kuuweka pale pale kwenye parafujo. Tumia nta ya mshumaa au ya nyuki.

#32 MzeeWaBondeni
Tumetumia sabuni miaka yote.

#33 Bahari_Hindi
Najua, mzee wangu, na ndiyo sababu parafujo za zamani hazitoki.

#34 BintiMvita
Wakati mnabishana kuhusu sabuni, vinia ya mtoto wa watu bado imebanduka. Anairekebisha vipi?

#35 RandaNaPatasi
Ingekuwa gundi nyeupe, ningesema apitishe pasi yenye joto la wastani juu ya karatasi safi, kwa sababu gundi hiyo hulainika kwa joto na kushika tena, kisha aweke uzito mpaka ipoe. Kwa gundi ya viatu, joto litashusha vinia leo na kuiachia wiki ijayo. Ainue pembe taratibu kwa kisu chembamba, akwangue gundi ya zamani kwa kadiri anavyofikia, aingize gundi nyeupe kwa bomba la sindano, abane kwa jiriwa na kipande cha ubao chenye nailoni chini yake, asiguse mpaka kesho yake. Kama mbanduko ungekuwa katikati, angechana kwa wembe kufuata nyuzi za mti, kamwe si kuzikata.

#36 FundiWaMtwapa
Na baada ya hapo abandike vinia upande wa chini. Sitachoka kusema.

#37 MchongajiChangamwe
Na apanguse mafuta kabla ya hiyo sindano.

#38 MwalimuKisauni
Wanajukwaa, nimerudi baada ya siku 9. Nililichukua bweta Nyali, nikalileta Kisauni kwa tuktuk nikiwa nimelipakata kama mtoto mchanga, nikaliweka kwenye rafu ya karakana yangu, kisha nikapata homa na sikuligusa. Leo nimelishika nikiwa na bisibisi mkononi, tayari kutoa parafujo. Kifuniko kimefunga. Hakikufunga kama Januari, kimebakisha kama milimita moja, lakini hakirudi juu. Vinia bado imebanduka vile vile. Sijafanya lolote.

#39 KaskaziKusi
Siku 9 bila kiyoyozi. Sina la kuongeza.

#40 MchongajiChangamwe
Safari ya tuktuk kwa barabara zetu inatosha kupukutisha kutu ya parafujo nane na nyingine. Toa moja tuione.

#41 FundiWaMtwapa
Plaiwudi iliyopinda inaweza kurudi unyevu wa pande zote mbili ukishalingana. Hili nalo linasema yale niliyosema katika #2. Lakini KaskaziKusi, hapa kuna jambo usilolieleza: ikiwa Juni mvule umevimba kwa unyevu, kama ulivyodai katika #26, inakuwaje ukae Kisauni penye unyevu zaidi kisha ufunge vizuri?

#42 KaskaziKusi
Nitarudi na jibu.

#43 MwalimuKisauni
Binti yangu amepiga simu sasa hivi. Anasema vito vyake viko ndani ya kopo la biskuti, na anataka kujua bweta linarudi lini. Nimemwambia Jumamosi. Parafujo za shaba nimeshanunua, nane na mbili za akiba, na nimezijaribu kwa sumaku pale pale dukani, muuzaji akinitazama.

#44 BintiMvita
Mwambie pia asogeze chetezo.

#45 MwalimuKisauni
Kiko sakafuni, dada.

#46 BintiMvita
Ndivyo alivyokuambia wewe, baba yake.